Noti haisafiri peke yake: jibu kwa mpiga kinanda wa Tanga kuhusu kuhariri MIDI

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu hapa Tanga. Nimerekodi kwa MIDI wimbo wenye mdundo wa chakacha kwenye programu ya Reaper, kibodi ikiwa imeunganishwa kwa waya wa USB. Nikiusikiliza kwa sauti za kibodi yenyewe, wimbo uko sawa kabisa. Shida zinaanza nikihariri. Nikiburuta kipande cha fidla kutoka ubeti wa kwanza kwenda wa pili, noti zinapinda mahali pasipo pake. Nikiweka fidla ya plagini, yaani ya programu ndogo ya sauti ndani ya kompyuta, badala ya ile ya kibodi, robo toni zinapotea. Nikikwantaizi, yaani nikiiachia programu ivute noti kwenye mistari ya muda, chakacha inakufa. Na baada ya kiitikio kuna noti inalia haikomi mpaka nisimamishe programu. Prodyuza mmoja ameniambia nifute yote nirekodi upya. Ni lazima?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usifute. Karibu kila ulichopiga bado kimo ndani ya ile treki, na shida zako nne zina mzizi mmoja. Unahariri noti kana kwamba ndizo peke yake zilizorekodiwa, kumbe kila noti imezungukwa na matukio mengine ambayo ukurasa wa piano roli, ule wa fito za noti, haukuoneshi mpaka uyaombe. Ukiyaona hayo, kazi iliyobaki ni ya jioni moja au mbili.

Tuanze na kilichomo ndani. MIDI hairekodi sauti. Inaandika vitendo vya mikono na miguu yako: kidole kimeshuka kwenye noti namba 64, kwa nguvu ya 92, kwenye chaneli (njia ya ujumbe) ya 1, kidole kimeinuka, pedali imekanyagwa, gurudumu la pichi limesukumwa chini. Kila kitendo ni tukio lenye saa yake. Ile fito moja unayoiona kwenye piano roli kwa kweli ni matukio mawili, la kuwasha noti na la kuizima, na programu inakuchorea fito ili usome kwa urahisi. Noti zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 127, do ya kati ikiwa 60. Hapo shika namba, usishike jina, kwa sababu Yamaha huiita do hiyo C3 na Roland huiita C4, na plagini nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Wengi wamehangaika kutafuta oktavu iliyopotea wakati hakuna kilichopotea.

Reaper ina namna kadhaa za kuonesha treki moja ya MIDI. Toka kwenye piano roli uingie kwenye orodha ya matukio. Utaona kila kitu kwa mistari: mahali, chaneli, aina ya tukio, thamani yake. Tazama kipimo kimojawapo cha fidla. Utakuta noti nane au kumi, na katikati yake mistari mingi ya pichi, pengine ishirini au thelathini, kwa kuwa gurudumu likisogea hutoa tukio kila hatua. Utakuta matukio ya kontrola, yaani ya pedali, magurudumu na vitelezi, ambayo nayo yana namba zake: namba 64 ni pedali ya kushikilia sauti. Pengine utakuta namba 1 ya mtetemo, namba 7 ya kiwango cha sauti, na namba 11 ya kupandisha na kushusha sauti ndani ya sentensi ya muziki. Mwanzoni kabisa panaweza kuwa na tukio la kuchagua chombo, na mistari mirefu ya namba zisizosomeka kirahisi, inayoitwa sisteksi, yaani ujumbe ambao kibodi inautuma kuhusu mipangilio yake. Isome orodha hiyo toka juu hadi chini kabla hujagusa chochote. Kisha nakili treki nzima, nakala ya awali uiweke kimya, na usiiguse tena mpaka wimbo utoke.

Noti isiyokoma tuimalize haraka, maana ni nyepesi kuliko inavyotisha. Ina sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, na ndiyo naishuku kwako kwa kuwa inatokea baada ya kiitikio, ni pedali. Ulikanyaga mwishoni mwa kiitikio, ukakata kipande kabla mguu haujainuka, na lile tukio la kuinua likabaki kwenye sehemu uliyoitupa. Pedali ni kontrola namba 64: thamani ya 0 hadi 63 maana yake imeachiwa, 64 hadi 127 imekanyagwa. Tafuta 127 ya mwisho isiyofuatwa na 0, uongeze 0 pale sauti inapotakiwa kufa. Sababu ya pili ni noti iliyowashwa isizimwe, na hii kwenye piano roli utaiona kama fito ndefu kupita kiasi. Ya tatu ni noti mbili za namba moja zinazopandana: ya pili inawaka kabla ya ya kwanza kuzimwa, halafu vifaa vingine vinachanganyikiwa ni ipi imezimwa. Hiyo huzaliwa sana na kwantaizi, kwa hiyo nitairudia. Kwa dharura, ukiwa na watu studio na noti inalia, kontrola namba 123 huambia chaneli izime noti zote, na 120 hukata sauti zote papo hapo.

Sasa robo toni. Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo taarabu inapopatia roho yake na ndipo MIDI ilipo dhaifu.

MIDI ilizaliwa mikononi mwa watengenezaji wa vinanda vya umeme. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule California, Prophet-600 ya Sequential Circuits ya Dave Smith iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, kampuni ya Ikutaro Kakehashi, na vinanda viwili vya makampuni yanayoshindana vikaelewana kwa waya mmoja. Lilikuwa jambo kubwa, na uzuri wake tunaufaidi mpaka leo. Lakini namba za noti zikapangwa kwa nusu toni, kumi na mbili kwa oktavu, na chochote kilicho katikati ya nusu toni mbili kikaachiwa tukio la kupinda pichi. Tukio hilo lina sheria moja ambayo lazima uikariri: halipindi noti, linapinda chaneli nzima. Kila noti inayolia kwenye chaneli hiyo wakati huo inapinda pamoja.

Ndiyo maana fidla yako ilivurugika. Uliburuta fito za noti kwenda ubeti wa pili, matukio ya pichi yakabaki ubeti wa kwanza. Kwenye ubeti wa pili noti zikafika zimenyooka, na kule ulikozitoa, mipindo ikabaki inapinda noti nyingine zilizokuwepo. Dawa yake ni kuhamisha vyote kwa pamoja. Reaper na Cubase, programu nyingine ya kurekodi, zote zina chaguo linalofanya matukio ya kontrola yaliyo ndani ya noti yachaguliwe pamoja nayo. Liwashe na uliache limewashwa. Hata hivyo macho yako yafanye kazi, kwa sababu mpindo mzuri wa fidla mara nyingi huanza kidogo kabla ya noti na kurudi baada yake, na chaguo hilo huangalia kilicho ndani ya mipaka ya noti tu. Mimi napendelea kuchagua eneo lote la wakati, tangu kabla ya sentensi kuanza hadi baada ya kuisha, nikinakili kila kilichomo. Na mahali unapopeleka, tazama kama kuna mipindo ya zamani, ifute kwanza.

Fidla ya plagini ni kisa kingine. Umesema kwa sauti za kibodi wimbo uko sawa, lakini ukiweka plagini robo toni zinatoweka. Hiyo inanionesha kwamba robo toni zako nyingi hazitoki kwenye gurudumu, zinatoka kwenye vitufe vya kibodi vya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, kama vile vya safu ya PSR-A ya Yamaha, vinakuruhusu kushusha noti yoyote ya oktavu, na ukibonyeza kitufe ni injini ya sauti ya kibodi inayojipanga upya. Noti ya mi inayotoka kwenye waya ni ileile namba 64, haina alama yoyote kwamba imeshushwa. Kama kibodi imetuma habari hiyo, imeituma kwa sisteksi, na plagini nyingi haziisomi. Itazame orodha yako: ukiona sisteksi pale ulipobonyeza vitufe, basi unajua ni wapi hasa maqamu yalibadilika, na hiyo ni ramani nzuri ya kufanyia kazi. Usipoiona, utategemea masikio, na masikio yako unayo.

Kinachotakiwa ni kuiandika robo toni upya kwa lugha ambayo plagini inaielewa, yaani kwa mpindo wa pichi. Hesabu ni hii. Thamani za pichi ni 16,384, katikati ni 8192, na Reaper huionesha hiyo katikati kama 0, ikishuka mpaka -8192. Vyombo vingi huanza na uwezo wa kupinda nusu toni mbili kila upande. Kwa hiyo 8192 ni nusu toni mbili, 4096 ni nusu toni moja, na robo toni ni 2048. Kushusha mi kwa robo toni kwenye maqamu ya Rast inayoanzia do, unaandika -2048. Lakini hakikisha plagini yenyewe imewekwa kwenye nusu toni mbili. Ikiwa imewekwa 12, ileile -2048 itashusha nusu toni tatu nzima, na utadhani umefungua wimbo wa mtu mwingine. Ukitaka kulazimisha kipimo hicho kwa MIDI yenyewe, tuma kontrola 101 yenye 0, kisha 100 yenye 0, kisha 6 yenye 2, na umalizie kwa 101 na 100 zote zikiwa 127 ili mlango ufungwe. Si kila plagini inatii, ndiyo maana nasema itazame kwanza.

Tatizo linalofuata unaliona mwenyewe: ukishusha mi kwa kupinda, na sol inalia pamoja nayo, sol inashuka pia. Basi usizikalishe chaneli moja. Chagua noti zote za mi na noti zote za si katika sehemu iliyo kwenye Rast, uzihamishie chaneli ya 2, na mwanzoni mwa chaneli hiyo uandike -2048 mara moja tu. Haihitaji kurudishwa sifuri wala kupindwa tena. Noti za robo toni zinaishi huko, nyingine zinabaki chaneli ya 1, na zote zinalia kwa pamoja bila kugusana. Kama plagini yako haitenganishi chaneli, na zipo nyingi zisizotenganisha, fungua ya pili ileile kwenye treki nyingine, uweke noti za robo toni huko. Inakula kumbukumbu ya kompyuta, lakini ndiyo njia salama zaidi ninayoijua. Wimbo ukihama maqamu katikati, kwa mfano ukatoka Rast ya do ukaenda Bayati ya re, mi inabaki chini ilipo. Noti ya si ndiyo ya kuiangalia. Mara nyingi itatakiwa kurudi chaneli ya 1 katika sehemu ambazo inashuka nusu toni kamili.

Na ile -2048 ichukue kama pa kuanzia. Mi ya Rast haikai mahali pamoja kwa wapigaji wote. Mpiga fidla mmoja anaiweka juu kidogo, mwingine chini. Jaribu -1800, jaribu -2200, sikiliza pamoja na mwimbaji wako, kwa sababu yeye ndiye atakayeimba juu yake, na sauti yake haitajirekebisha kwa ajili ya kompyuta. Ile mipindo ya mkono, ya kuteleza kutoka noti hadi noti, iache kwenye chaneli ya 1 kama ulivyoipiga. Punguza tu msongamano: pale penye matukio thelathini, sita au saba yaliyochaguliwa vizuri yanatosha, na unapata mstari unaoweza kuuhariri.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: usiweke mpindo na noti kwenye tiki ileile, yaani kipande kilekile kidogo cha muda ambacho programu huhesabia. Programu nyingine zitatuma noti kwanza, nawe utasikia noti ikianza juu na kuteremka ghafla. Tanguliza mpindo tiki kumi hivi. Vivyo hivyo usirudishe pichi sifuri wakati noti inazimwa, maana fidla ina mkia wa sauti, na mkia huo utapanda mbele ya masikio ya watu.

Tuje kwenye chakacha. Umeandika kwamba ukikwantaizi inakufa, nami naweza kukuonesha inavyouawa, kwa namba. Reaper hugawa pigo moja katika tiki 960. Mwendo wa chakacha ni wa sita kwa nane, lakini naamini uliacha mradi kwenye nne kwa nne, kama programu inavyofunguka. Katika hali hiyo kila pigo lako limegawika mara tatu, na noti zako zinaangukia karibu na tiki 0, 320 na 640. Gridi ya moja ya kumi na sita ina mistari kwenye 0, 240, 480 na 720. Noti ya pili, iliyo 320, iko tiki 80 kutoka mstari wa 240 na tiki 160 kutoka 480, basi inavutwa nyuma. Noti ya tatu, iliyo 640, inavutwa mbele hadi 720. Nafasi ambazo zilikuwa sawa, 320, 320, 320, zimekuwa 240, 480, 240. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, tiki 80 ni milisekunde 50, na mchezaji yeyote wa chakacha ataisikia hiyo kiunoni kabla hajaisikia sikioni. Programu haikukosea. Ilivuta noti kwenye mistari iliyopewa, na mistari haikuwa ya ngoma hii.

Badili gridi iwe ya utatu kwanza. Kubadili mradi mzima kuwa sita kwa nane ungepaswa kufanya kabla ya kurekodi. Sasa hivi utaanza kupigana na hesabu ya mwendo bila faida yoyote ya sauti. Baada ya hapo, kabla ya kubonyeza, angalia kama noti zote za treki zimechelewa au kuwahi kwa kiasi kimoja. Hilo hutokea kwa sababu ya ucheleweshaji wa kompyuta: bafa (akiba ya sauti inayosubiri kusikika) ya sampuli 512 kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde peke yake ni karibu milisekunde 12, na mpigaji mwenye sikio zuri huanza kuwahi kidogo ili asikie sawa, bila kujua. Ukiona hali hiyo, chagua treki yote pamoja na kontrola zake, uisogeze kwa kiasi kimoja. Utashangaa ni noti ngapi zitakuwa hazihitaji tena kwantaizi.

Kwa zilizobaki, usivute asilimia 100. Dirisha la kwantaizi la Reaper lina kipimo cha nguvu. Weka 50. Noti iliyokuwa tiki 40 mbele ya mstari itabaki tiki 20 mbele: imekaribia, lakini bado inaegemea upande uliouchagua wewe. Vuta mianzo tu, urefu wa noti uuache. Na usikwantaizi kila kitu. Kwa taarabu mimi huvuta besi na ngoma, hizo zikikaa vizuri zinabeba wengine. Fidla na akodiani sizigusi kwa kwantaizi kamwe. Nikikuta noti imepotoka kweli, naishika kwa mkono, naisogeza, nasikiliza. Ni kazi ya kukaa, lakini sentensi moja ya fidla haina noti nyingi kiasi hicho, na uchelewaji wa mpiga fidla mzuri ni sehemu ya ujumbe wake.

Kanuni, kile chombo cha nyuzi, nayo ina hatari yake. Ule mtetemo wa haraka wa noti moja, na zile noti fupi za kupambia zinazotangulia noti kuu, ni vyakula vya kwantaizi. Noti mbili za mtetemo zikivutwa mstari mmoja zinakuwa noti mbili za namba moja mahali pamoja, na hapo ndipo ile sababu ya tatu ya noti isiyokoma inapozaliwa. Noti ya pambo ikivutwa kwenye noti kuu, pambo linageuka kuwa mgongano wa sauti mbili. Reaper ina kichujio cha matukio ndani ya kihariri cha MIDI. Kitumie kuchuja kwa urefu, uzitenge noti zote fupi kuliko tiki 120, uzihamishe treki nyingine mpaka umalize kuvuta zile ndefu. Watumiaji wa Cubase wana kihariri cha kimantiki kinachofanya kazi hiyohiyo vizuri sana.

Nguvu ya noti, yaani velositi, hukuiuliza, ila ndiyo itakayofanya plagini isikike kama mtu au kama mashine, kwa hiyo neno moja. Nguvu si kupaza sauti tu. Kwenye plagini nyingi kila ngazi ya nguvu ina rekodi yake, na udi uliochapwa kwa 110 una rangi tofauti na ule wa 60. Usizilinganishe zote ziwe 100. Zikiwa zimetawanyika mno, zikaribishe kwenye kitovu: chukua 80 kama katikati, na kila tofauti uizidishe kwa 0.7. Noti ya 30 inakuwa 45, ya 120 inakuwa 108, mpangilio wa nani mkubwa nani mdogo unabaki uleule. Kwa fidla, nguvu huamua jinsi upinde unavyoanza tu. Kinachofuata ndani ya noti ndefu kinaongozwa na kontrola 11. Ichore ipande na kushuka kwa kila sentensi. Namba 7 iachie kazi ya kupatanisha vyombo, uiandike mara moja mwanzoni na usiichezee katikati, la sivyo siku ya kuchanganya sauti hutajua ni mkono upi unashusha fidla.

Ukitaka kuurudisha wimbo kwenye kibodi kwa ajili ya jukwaani, hapo mambo ni machache. Hifadhi faili la MIDI kwa aina ya 0, ambalo linaweka chaneli zote katika treki moja, kwa kuwa vinanda vingi vya zamani husoma hilo tu. Mwanzoni acha kipimo kimoja kitupu cha mipangilio: kuchagua chombo, kiwango cha sauti, pichi kwenye sifuri au kwenye -2048 kwa ile chaneli ya robo toni, pedali kwenye 0. Uyatenganishe kwa tiki chache chache. Waya wa zamani wa pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, tukio moja la kawaida huchukua karibu milisekunde moja, na ukirundika matukio arobaini mahali pamoja noti ya kwanza itachelewa kusikika. Kumbuka pia kuzima vitufe vya maqamu vya kibodi, maana ukiviacha, mi itashushwa mara mbili.

Kuhusu kurekodi upya: matoleo ya sasa ya MIDI yana njia ya kumpa kila noti mpindo wake. MPE ilipitishwa 2018 na MIDI 2.0 ikafuata 2020. Ila kibodi uliyo nayo haiihitaji, na wimbo huu unakamilika kwa njia nilizokueleza. Kuna sehemu moja tu ningekushauri uipige tena, nayo ni mtetemo wa kanuni, ikiwa ulishaukwantaizi kwa gridi ile ya kumi na sita ukahifadhi bila nakala. Noti zilizovutwa zikahifadhiwa hazikumbuki zilikotoka, na mtetemo wa mkono hauandikiki kwa hesabu. Upige peke yake, kwenye treki mpya, ukisikiliza besi na ngoma zilizokwisha nyooka, na safari hii uuache ulivyo.